Tangu Nimchape, Ndaki Ameganda

Shangazi Bibiana, shikamoo. Naomba unisaidie, nimechanganyikiwa. Mimi ni mwalimu wa awali huku Katindiuka, na kwenye semina tuliambiwa tuwafunze watoto kujizuia kwa michezo, basi nikawaletea mchezo wa sanamu, nikipiga ngoma wanacheza, nikinyamaza wanaganda, anayetikisika anatoka, na wakauweza hasa, nikamwita mwalimu mkuu aje aone, sasa wameganda vizuri, mwalimu mkuu anatabasamu, mara ndege aina ya kwelea wakatua kwenye mpunga wa shule nje ya dirisha, na Ndaki, binti mdogo ambaye kwao ndiye anayeamia ndege shambani wasile mpunga, akaruka nje akipiga kelele, darasa zima likamfuata, mwalimu mkuu akaangua kicheko, nami kwa aibu nikachukua fimbo nikamchapa Ndaki mbele ya wenzake. Tangu hapo Ndaki anakuja shule lakini haimbi, hachezi, hata ruhusa ya kwenda chooni haombi, anajikojolea pale pale, na mama yake anasema atamwachisha shule. Nifanyeje achangamke bila kuharibu nidhamu ya darasa?

Mwalimu Dativa

Marahaba, Mwalimu. Pole, ingawa pole kubwa ni ya Ndaki.

Kumbe semina ulikwenda kunywa soda! Siku ile aliyeshindwa kujizuia ni mmoja tu, na alikuwa ameshika fimbo. Kicheko kimoja cha bosi, umepandisha mashetani. Na mpunga huo si ndio wali wenu wa mchana hapo shuleni? Mtoto kauokoa, ukamlipa viboko, halafu nina hakika sahani yako ulimaliza. Huku kwetu mtoto anafundishwa kwamba ndege akitua hakai kimya. Ndaki hakukosa adabu, alikuwa kazini.

Nidhamu usiniulize mpaka nguo za mtoto zikauke. Leo hii nenda kwao mwenyewe, mwamkie mama yake, kisha uchuchumae umwambie Ndaki kwamba ulikosea. Kesho useme hivyo hivyo mbele ya darasa, maana ndipo ulipomchapia. Fimbo kapikie uji. Ngoma mkabidhi Ndaki, wewe ingia katikati ya watoto ucheze. Huenda asiipige siku ya kwanza wala ya pili, na usimharakishe, inaniuma hata kuwaza alivyoogopa.

Kisha kwelea watarudi, mpunga bado uko shambani. Ndaki akiruka nje akipiga kelele, mshukuru Mungu, na wewe uliyebaki darasani ugande. Ukitikisika, umetoka.