Lenzi ya Baba Kwenye Jua la Ijara

Baba, shikamoo.

Jua la Ijara ni kali tangu asubuhi. Leo Halima, mwenyeji wangu, aliniomba niwapige picha yeye na bintiye, anayeondoka kuolewa mbali, huko Bute. Ile lenzi yako ya zamani, kwenye kamera yangu ya kidijitali, ikatoa ukungu mweupe, nyuso hazikuonekana. Nikaondoa kichujio, kile kioo cha mbele ya lenzi, ukungu ukabaki. Basi nikawageuza jua liwe ubavuni, lisiipige lenzi moja kwa moja, nikaikinga kwa kofia. Picha ikatoka safi. Halima akaitazama kwenye kamera.

“Kumbe binti yangu alikuwa analia,” akaniambia. “Hii usiifute.”

Akamshika bintiye mkono, wakaingia ndani.

Huko nyumbani kuna baridi; vaa sweta jioni, Baba. Nakuwaza sana.

Mwanao,
Nyambura