Pengo la Tuta la Ildefonce

Kijijini, njia ya Mabamba
Kibondo
9 Machi 2014

Mdogo wangu Ildefonce,

Mwakeye. Huku tumeamka. Mguu wangu wa kushoto unalalamika lakini unatembea, na maharage yametoa maua. Ninyi je? Kifua cha mkeo Mwanahawa kimepona? Mwambie nimemwekea asali.

Simu nimeizima. Ukipiga huniachi nimalize, ila barua huwezi kuikatiza, kwa hiyo kaa usome.

Unasema mwaka wa msiba wa mume wangu umetimia, tuuondoe, watu wachukue majembe wakazibe pengo la tuta lako, bwawa lijae kabla ya Krismasi, wageni wapige kasia na kunywa soda. Mdogo wangu, tuta lile lilibomoka kwa sababu ulifunga wavu kwenye njia ya kutolea maji, ili perege wako wasitoroke. Majani yakaziba wavu, maji yakapanda, yakakosa pa kutokea. Yakamkuta mume wangu William chini ya tuta akifungua mbuzi. Tulimpata na buti moja la mvua mguuni. La pili lilionekana baadaye, liko mlangoni kwangu, nalifuta vumbi.

Desturi yetu unaijua. Msiba usipoondolewa, hakuna anayetia jembe pale marehemu alipofia. Nao hauondolewi mpaka mjane aionje pombe kwanza. Basi mimi siionji mpaka mtaalamu wa maji aje alikague bwawa hilo, ambalo hujawahi kuliombea kibali.

Dada yako,
Evaline


Kasulu
30 Machi 2014

Dada yangu mpendwa,

Habari za siku? Sisi wazima. Mwanahawa hakohoi tena, asali anaisubiri. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Hashimu, utingo wa basi. Nakutumia dawa ya kuchua mguu.

Dada, hata mimi nilimlilia shemeji. Lakini mvua ile haikuwa na mfano, usinibebeshe mimi mawingu. Shamba ni langu, bwawa ni langu. Ni kidimbwi cha kupigia picha za harusi, niite wakaguzi wa nini? Wakija watanifungia, na hao majirani zako watakosa vibarua.

Nimeongea na Ndihokubwayo. Ndiye kaka mkubwa wa William, ndiye mwenye msiba, na amekubali. Ndizi za pombe natoa mimi. Ukikataa mbele ya watu utajiaibisha mwenyewe. Na wao wakishindwa, naleta katapila.

Mdogo wako,
Ildefonce


Kijijini
22 Juni 2014

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mguu umetulia, asante kwa dawa. Asali nimempa Hashimu. Ikifika pungufu, muulize yeye.

Siku ya kuondoa msiba uliyoitaka ilikuwa jana. Mbona hukuja? Watu walijaa uani, majembe wameyaegemeza ukutani. Ndihokubwayo akaniletea kibuyu kwa mikono miwili.

"Shemeji, onja. Watu makoo yamekauka."

"Wakanywe bwawani."

Watu wakacheka, maana bwawa lako halina hata maji ya kunawa. Yeye hakucheka.

"Evaline, unamwaibisha mdogo wako."

"Mdogo wangu yuko Kasulu. Aliye hapa ni William, na William hakupenda kuharakishwa."

Unamkumbuka. Alikuwa akipuliza chai hata ikiwa imepoa.

Kibuyu kilikaa kati yetu mpaka nzi wakaingia. Mwishowe mama Aneth, yule ambaye nyumba yake iko chini ya tuta, akainuka akachukua jembe lake. "Mimi nina watoto wanaolala kule bondeni," akasema, akaenda zake. Wengine wakamfuata mmojammoja. Pombe yako iko mtungini, tuma mtu aichukue.

Katapila lete. Nimeshapeleka kiti changu kwenye pengo la tuta. Nakaa pale nachambua maharage.

Dada yako,
Evaline


Kasulu
5 Oktoba 2014

Dada,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Hatungimana, dereva wa katapila, aliniambia ulimkaribisha kiti, ukampa maharage achambue, ukamweleza msiba ni wa nani. Akavua kofia, akageuza mashine. Mafuta yote yale, kwenda kuvua kofia!

Nilimlalamikia Mwanahawa mpaka akachoka. Akaniuliza, "Wewe ungelala nyumbani kwa mama Aneth mvua ikinyesha?" Asubuhi nikaenda ofisi ya maji.

Bi Kudra, mtaalamu wao, ulimwona mwenyewe alipokuja kupima. Majibu yake ndiyo haya: nisijaze maji mpaka njia ya kutolea maji ipanuliwe mara tatu, ijengwe kwa mawe, na wavu usionekane tena. Nikamwambia perege watatoroka. Akasema, "Watoroke."

Nitafanya hivyo. Lakini pasipo majembe siwezi. Onja, dada. Mvua zinakaribia.

Mdogo wako,
Ildefonce


Kijijini
12 Oktoba 2014

Mdogo wangu Ildefonce,

Mwakeye. Mguu mzima, nyumba nzima, mbuzi amezaa mapacha. Msalimie Mwanahawa sana, kisha msalimie tena.

Ndizi nimefukia shimoni ziive, zangu mwenyewe. Za kununuliwa sizitaki. Pombe ikiwa tayari nitaionja mbele ya Ndihokubwayo na mama Aneth, watu wakachimbe njia hiyo na kupanga mawe.

Hiyo ni ruhusa ya kuchimba. Ya kujaza maji ni nyingine. Bi Kudra akisharidhika na bwawa likishajaa, subiri mvua kubwa ya kwanza, halafu uje. Mimi nitapanda juu ya tuta niangalie maji yanavyotoka. Wewe utasimama chini, kwenye kigingi cha mbuzi wa William. Bado kipo. Utasimama pale mpaka mvua ikatike, watu wote wakuone.

Usije na viatu vya mjini, njoo na mabuti ya mvua. Likipungua moja, lipo mlangoni kwangu.

Dada yako,
Evaline