Ushanga Mwisho wa Kila Msuko

Maman yangu uliyetutoka,

Leo nimegombana na mtu, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Msimamizi wa ukumbi wa mtaa wa Saint-Josse, ninapofundisha watoto nyimbo kila Jumamosi, anataka tuimbe kwa Kifaransa tu. Eti Kiswahili kitawachelewesha shuleni.

Si ndiyo maneno yale yale ya mwalimu wangu? Nilikuwa na miaka sita. Ulivua aproni ya saluni pale Porte de Namur, ukaenda kumwona, ukarudi ukanisimulia huku ukinisuka: “Nimemuambia, Madame, mutoto iko na masikio mbili. Moja ya shule, ingine ya kwetu. Donc, basi.”

Jioni hiyo hiyo ukanifundisha vina, ingawa neno hilo hukulitaja. Ulivalisha ushanga mwekundu mwisho wa kila msuko, ukaniambia nitikise kichwa nisikilize. Misuko mingine ilikuwa minene, mingine myembamba, lakini yote ilimalizikia kwa ushanga wa aina moja. Ulisema mistari ya wimbo nayo hufanya hivyo. Kisha ukaimba wa kwako:

Mvua inanyesha, vaa kofia,
Tramu imefika, tutaingia,
Kwa baridi hii hatutalia…

Mstari wa nne hukuutunga. “Ule ni wako,” ulisema, na kila uliponisuka nilikupa mwingine. Nikikosea mwisho ulinivuta sikio kidogo, tukacheka.

Nimekukumbuka mpaka kifua kinauma, Maman. Lakini mbele ya yule bwana sikudondosha chozi. Nilimwambia akifunga mlango nitafundishia kwenye ngazi za metro, na huko tutasikika zaidi.

Akabaki mlangoni, mikono kifuani. Nami nikaanza somo. Nilimwita mjukuu wako, ambaye hakukukuta lakini anakuita Koko, yaani bibi, akatikisa misuko yake ili wenzake wasikie ushanga. Nikaimba mistari yako mitatu, nikauliza nani ana wa nne.

Akaumalizia huyo huyo mjukuu wako, akimtazama yule bwana usoni, wala hakuniomba ruhusa:

Na luga ya Koko, sitaachia.

Pumzika, Maman. Mlango uwe wazi au umefungwa, sisi tunaimba.

Binti yako,
mwenye masikio mawili