Karakana Ina Jina Langu

Shoga, nimetoka kwa wakili sasa hivi!

Mume wangu kaja na suti, anataka talaka na karakana ya kushona. Eti mimi nilikuwa mfanyakazi wake tu. MFANYAKAZI! Miaka kumi na miwili!

Wakili wangu akamwekea mezani hati ya usajili wa karakana. "Sahihi hii ni yako?"

Akakubali. Si unakumbuka aliniandikisha mimi peke yangu kuwa mmiliki, ili mke wake wa kwanza asiambulie kitu walipoachana? Kasahau kabisa!

Akanigeukia, kanywea. "Mke wangu, tuyamalize nyumbani."

Nikamwambia, "Talaka naipokea. Cherehani usiguse."

Sasa fundi anabadilisha kitasa cha karakana, bwana mwenyewe yuko nje anaomba angalau achukue kiti chake.

Kiti nimeshampa mlinzi.