Kanda ya Baba Yako

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Huku Makote tu wazima, mikorosho imechanua.

Unauliza albamu ninayoipenda na iliyoniangusha. Za taarabu nazipenda zote. Iliyoniangusha ni ya baba yako Hamisi, ingawa Newala nzima hakuna sauti kama ya mwanangu. Kanda ilipotoka nikaita majirani na wakwe, nikafungulia redio mpaka mwisho. Mara nasikia wimbo wa unyago, wa wanawake peke yao, niliozoea kuuimba nikibangua korosho usiku, nikidhani Hamisi, mtoto bado, kalala. Wanaume wakainamisha vichwa. Kungwi aliyenicheza nilipokuwa mwali akaniuliza taratibu, "Mama Hamisi, huyu kafundwa na nani?"

Nikajifunika khanga usoni. Na wimbo wenyewe, mjukuu wangu, ndio aliouimba vizuri kuliko zote, wala siwezi kumsifia.

Bibi yako akupendaye.