Salamu kwa Walio Ukutani

Mama yangu wa Busibwabo,

Mulembe. Huku Kanada theluji imefika magotini na jana nilikula viazi bila chumvi, sikuweza kutoka kwenda dukani.

Siku ya kwanza darasani niliwasalimia wote kwa mkono, mmoja mmoja, vile tunavyofanya tukiingia nyumbani kwa mtu. Walinipa mikono huku wakitazamana. Tangu hapo wananipungia tu kutoka mbali.

Kwenye ukuta wa korido kuna picha ya zamani ya watu wa kwanza wa hapa. Chuo hiki kilianzia katika chumba cha chini cha kanisa, na hao pichani ndio waliokianza: wanafunzi kumi na mmoja na mama aliyewapikia. Mawe ya jengo la kwanza yalibebwa na wakulima wa hapa, kama nyinyi mlivyobeba mchanga wa shule yetu kwa kichwa. Basi kila asubuhi nawasalimia hao wa kwenye picha kwa sauti ndogo, nikianza na mpishi kwa sababu ndiye mkubwa wao.

Leo nilichelewa nikampita mpishi bila salamu. Nilifika mlangoni nikarudi, nikamwambia, “Pole mama, si kiburi.”

Nisalimie watu wa nyumbani. Kwa mkono, wote.

Nekesa wako