Kuka, Uliniandika Mwanao

Mpendwa Kuka,

Nakuandikia nikiwa Kitale, katika chumba nilichopanga nyuma ya duka la mbegu ninakobeba magunia. Najua wafu hawasomi barua. Lakini wewe ndiye babu uliyenilea, na hasira niliyo nayo inakuhusu wewe kwanza, kwa hivyo leo utanivumilia.

Unakumbuka ulivyopenda kusimulia siku uliyoenda Bungoma kunitafutia cheti cha kuzaliwa? Mama, binti yako, alikuwa amenizaa kabla hajamaliza shule, na aliyempa mimba alikuwa amenikana mchana kweupe. Ukavaa koti lako la kanisa, ukaenda. Karani akakuuliza, "Baba ya mtoto ni nani?" Ukamwambia, "Ni mimi. Andika." "Na mama?" Ukataja jina la Kukhu, mke wako. Karani akazitazama mvi zako, akaandika. Ukifika hapo ulikuwa unacheka mpaka unakohoa. "Sasa nani atakuita mtoto wa nje?" ulikuwa unaniambia. "Uko na baba, uko na ukoo." Nami nilijivuna, Kuka. Wenzangu kadhaa pale Kamukuywa walifanyiwa hivyo hivyo na babu zao, na hakuna aliyeona ubaya.

Hata nilipotahiriwa, ni wewe uliyesimama mahali pa baba. Nilitoka mtoni nimepakwa matope, natetemeka kwa baridi, watu wamejaa uani. Ukaniambia, "Usiangalie mtu mwingine. Angalia mimi." Nikakuangalia wewe tu mpaka kisu kikamaliza kazi yake.

Mama alipopata kazi ya kutunza wazee ng'ambo, nilikuwa bado mdogo wa kubembelezwa. Alinishika mashavu akasema, "Nikitulia tu, nakuja kukuchukua." Kutulia kwenyewe kukachukua miaka mingi. Alipopata ruhusa ya kuita watoto wake, tulikuwa tumeshakuzika wewe na Kukhu. Masharti ya viza yalionekana mepesi: mtoto awe hajafika miaka kumi na minane, na cheti chake kionyeshe kwamba anayemwita ni mzazi wake. Basi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikaanza kuaga watu, mjinga mimi.

Jibu likaja kwamba cheti kinaonyesha mama yangu ni mwanamke mwingine. Unaelewa, Kuka? Kwa karatasi yako, mimi na mamangu ni mtu na dadake. Na dada hana ruhusa ya kuita ndugu.

Nikakimbia Bungoma. Karani wa sasa, kijana mpole tu, akaniambia, "Aliyeandikisha aje mwenyewe aseme alikosea." Nikamwambia amekufa. "Pole. Basi utaenda kortini." Kortini wakanizungusha, mara faili haionekani, mara rudi mwezi ujao. Mama naye akalazimisha tupimwe DNA, yeye kule na mimi huku. Majibu yakasema wazi kabisa kwamba ni mama na mwana. Lakini korti ilikuwa bado haijarekebisha cheti siku nilipotimiza miaka kumi na minane, na hapo mambo yakaisha. Sasa mimi ni mtu mzima, wanasema, niombe viza kivyangu kama mtu yeyote. Mama alilia kwenye simu. Mimi sikulia, nilimkatia.

Siku hiyo nilikutukana, Kuka. Nilikutukana kwa sauti mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Si ungeniacha tu niitwe mtoto wa nje? Mtoto wa nje angekuwa na mamake sasa hivi. Nani alikutuma unisitiri? Halafu nikaona aibu, maana najua ungenipa hata meno yako kama ningeyahitaji. Lakini hasira haikuisha. Iko hapa hadi leo, na sijui niipeleke wapi.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Kamukuywa. Nilijiambia, kama kwa mama kumefungwa, basi nitajenga kwa baba, yaani kwako. Nikamkuta mjomba, kitinda mimba wako, anapima shamba kwa kamba pamoja na fundi wa kuweka ua. Nikamwomba kipembe cha kusimamisha nyumba ya mabati, pale chini tu. Hata hakuinua kichwa.

"Hii shamba ni ya watoto wa mzee," akasema. "Wewe si uko na mamako majuu? Enda kwa mamako."

"Wamenikataza."

"Ama utafute babako basi."

Nikatoa cheti mfukoni, nikakifungua mbele yake. Jina lako hili hapa, nikamwonyesha, na jina langu hili hapa. Akalisoma, akacheka, wala si kwa ubaya, nafikiri alinionea huruma kidogo.

"Ah, hiyo mzee aliandikisha tu ndio usichekwe," akasema. "Si kila mtu hapa anajua?"

Ndiyo, Kuka, kila mtu hapa anajua. Wageni peke yao ndio waliokuamini.

Pumzika ukiweza.

Mimi mwanao huko ng'ambo, na mjukuu wako hapa nyumbani.